Mguu Ulioshtuka

Msikilizaji wangu, kama jioni hii umekaa sebuleni, mguu mmoja umeuegemeza kwenye kiti cha pili, kifundo kimevimba na kesho alfajiri wenzako wanakwenda kukimbia bila wewe, basi usiushushe. Kaa hivyo hivyo. Mazungumzo ya leo nimekuandalia wewe.

Mimi ni mkimbiaji wa kawaida. Medali nilizonazo ni zile wanazovishwa wote wanaofika mwisho. Mwaka wa kumi na mbili sasa nakimbia siku nne kwa wiki hapa Dar es Salaam, na Jumamosi natoka na klabu yetu ya jogingi. Mnaoishi mji huu mnazijua klabu hizi: fulana za rangi moja, filimbi mbele, nyimbo za kuitikiana kabla barabara haijajaa magari, na mwisho wa safari supu. Mtu aliyezoea maisha hayo ukimwambia akae nyumbani wiki sita, umemwondolea usingizi wake mzuri, marafiki zake na saa pekee ya siku ambayo ni yake peke yake. Ndiyo maana nalizungumza jambo hili kwa uzito. Watu wanaliita dogo kwa kuwa halivunji mfupa, lakini nimeona wakimbiaji wazuri walioacha kabisa kwa sababu ya kifundo kimoja kilichotibiwa ovyo.

Yangu ilitokea mwezi wa Desemba, saa kumi na moja na nusu alfajiri, pale Coco Beach. Giza lilikuwa halijaachia. Usiku ule watu walikuwa wamekesha ufukweni, na kando ya lami palikuwa na dafu lililokwisha kunywewa, limelala ubavu. Sikuliona. Nililikanyaga kwa mguu wa kulia, unyayo ukapinduka kwa ndani, na uzito wote wa mwili ukashukia upande wa nje wa kifundo. Nikasikia ta! Kama kijiti kikavu. Nilikaa chini kwenye ukingo wa barabara, nimekishika kifundo kwa mikono miwili, na kilichonijia kichwani kabla hata ya maumivu ni hesabu ya wiki zilizobaki kufikia mbio za Moshi za mwisho wa Februari. Nilikuwa nimeshajiandikisha kilomita 21.

Naomba ufanye kitu kimoja hapo ulipo. Shika muundi wako ushuke nao taratibu mpaka chini. Utakutana na mifupa miwili iliyochomoza, mmoja upande wa ndani na mwingine upande wa nje. Wazee wanaiita macho ya mguu. Angalia vizuri: jicho la nje liko chini kidogo kuliko la ndani. Kwenye jicho hilo la nje zimeshikizwa kano tatu. Moja inakwenda mbele, moja inashuka kisiginoni, moja inarudi nyuma. Upande wa ndani kuna kano pana na nene, ngumu kuchanika, na upande wa nje ule mfupa ulioshuka unauzuia unyayo usipindukie huko. Kwa hiyo mguu ukikosa mahali pa kukanyaga, karibu kila mara unapinduka kwa ndani, na ya kwanza kulipa ni ile kano ya mbele. Pengine inavutika tu. Pengine inachanika nusu. Mara chache inakatika kabisa, na mara nyingi ile ya kisiginoni inaumia pamoja nayo.

Sasa tuje kwenye lugha yetu, kwa sababu naamini hapa ndipo matatizo yetu mengi yanapoanzia. Tunasema mguu umeteguka. Kutegua ni kuondoa kilichokuwa kimetegwa: unategua mtego, unategua chungu jikoni. Wengine wanasema umetenguka, na maana ni hiyo hiyo, kitu kimetoka mahali pake. Na lugha ikishasema kitu kimetoka mahali pake, mkono utataka kukirudisha. Ndiyo maana mtu akiteguka anatafutiwa mchuaji haraka, wa kumvuta na kumnyoosha mpaka kirudi.

Mimi nilitafutiwa pia. Jirani yetu ni bibi mwenye mikono inayosifika mtaa mzima. Alikuja jioni ile ile na mafuta ya nazi, beseni la maji ya moto na chumvi. Akaniambia, "Vumilia, mjukuu wangu, kinarudi." Nikavumilia. Alikuja jioni tatu mfululizo, hakuchukua hata senti, na mpaka leo nikimpigia hodi nampa shikamoo yenye shukrani ndani yake, kwa sababu mtu aliyekaa sakafuni na mguu wako mapajani amekupa kitu. Lakini mguu uliovimba kama embe siku ya kwanza, siku ya tatu ulikuwa umevimba mpaka vidoleni, na weusi umeshuka hadi ukingo wa unyayo. Weusi ule peke yake si ajabu. Damu iliyovuja huteremka chini kama maji yoyote. Ubaya ulikuwa kwamba tulikuwa tunakirudisha kitu ambacho hakikuwa kimetoka. Mifupa yangu ilikuwa mahali pake tangu mwanzo. Kilichochanika ni kano, na kano iliyochanika ukiivuta unaichana zaidi, na maji ya moto katika siku mbili tatu za mwanzo yanaita damu zaidi kwenye uvimbe.

Kiungo kutoka kweli kupo, sikatai. Hapo umbo la mguu linabadilika hata mtoto anaona. Huo hauguswi na mtu wa mtaani, unakwenda hospitali.

Lakini Kiswahili kina neno jingine, ambalo nilizoea kulisikia kwa marehemu mama yangu. Hakuwa akisema mtu ameteguka. Alisema ameshtua mguu. Nilikuwa naliona ni neno la zamani tu. Baada ya yaliyonipata naona ndilo neno linaloukaribia ukweli zaidi. Mguu umeshtuka, na kitu kilichoshtuka hakirudishwi kwa kuvutwa.

Kabla sijafika huko, nizungumzie lile swali ambalo kila mtu anajiuliza pale barabarani: je, nimevunjika? Mwaka 1992, kule Ottawa nchini Kanada, daktari Ian Stiell na wenzake walichapisha utaratibu mfupi wa kuamua nani apigwe picha ya eksirei na nani asipigwe, maana hospitalini watu walikuwa wakipigwa picha wote na wengi hawakuwa wamevunjika. Ukiumia kifundo, jaribu kupiga hatua nne. Hata kwa kuchechemea zinahesabika. Ukishindwa palepale ulipoumia, na ukishindwa tena ulipofika kwa daktari, nenda kwenye picha. Halafu unabonyeza mfupa kwa kidole: ukingo wa nyuma wa jicho la nje, kuanzia kwenye ncha na kupanda kama sentimita 6, kisha jicho la ndani vivyo hivyo. Kama maumivu yako yako chini zaidi, kwenye unyayo, bonyeza kile kifupa kinachochomoza katikati ya ukingo wa nje, upande wa kidole kidogo, na kile cha upande wa ndani juu ya upinde wa unyayo. Mfupa wenyewe ukiuma ukibonyezwa, picha. Ukiweza hatua nne na mifupa hiyo haiumi, uwezekano wa kuwa umevunjika ni mdogo sana. Mtoto mdogo, au mtu mwenye kisukari ambaye miguu yake imeanza kufa ganzi, asitegemee kipimo hiki. Hao waende wakaonwe. Na maumivu yakiwa juu ya kifundo, katikati ya mifupa miwili ya muundi, hiyo ni aina nyingine, inachukua muda mrefu zaidi, usiichukulie kama hii ninayoizungumzia.

Nausisitiza utaratibu huu kwa sababu wengi wetu mashine ya eksirei iko mbali na nauli ni pesa. Mtu wa Mbulu au Kilwa akijua hatua nne na vidole vyake viwili, anajua kama usiku huu atafute gari au alale.

Mimi nilizipiga hatua zangu nne, vibaya lakini nilizipiga, na picha niliyopigwa baadaye ilikuwa safi. Nikafungwa bandeji ya kuvuta, nikapewa magongo na kuambiwa nipumzike. Barafu nilipata kwa jirani mwingine, mama anayegandisha ukwaju na kuwauzia watoto wa shule. Alinipa vifuko vinne vya ukwaju ulioganda, nikavizungushia kanga, nikaviweka juu ya kifundo. Chumba kizima kikanukia ukwaju. Barafu inatuliza maumivu, na kwa hilo tu inastahili heshima yake, robo saa au chini kidogo, kitambaa kikiwa katikati ili isiunguze ngozi. Lakini usiilalie siku nzima. Daktari mmoja wa Marekani, Gabe Mirkin, ambaye mwaka 1978 aliandika fundisho lililoenea dunia nzima la kupumzisha, kuweka barafu, kubana na kuinua mguu, mwaka 2014 alirudi mwenyewe akaandika kwamba barafu na kupumzika kabisa vinaweza kuchelewesha uponaji. Namheshimu sana mtu anayerudi kusahihisha neno lake baada ya miaka 36, wakati makocha wote wamekwishalikariri.

Kwa hiyo siku mbili tatu za kwanza ni za kuulinda mguu: uuinue, uubane kwa bandeji, uutembeze kidogo tu kwa magongo. Kuanzia hapo mguu unataka kuchezeshwa. Kwanza nilikuwa naandika alfabeti hewani kwa kidole gumba, nimekaa kitandani, a mpaka z, polepole. Halafu natandika kanga sakafuni na kuivuta kwa vidole vya mguu mpaka ijikunje yote chini ya unyayo. Kazi hiyo inaonekana ya kitoto mpaka uifanye na kifundo kilichovimba. Kila jioni nilizungusha uzi kwenye kifundo, nikaweka alama, nikalinganisha na jana yake. Uzi haukudanganyi kama jicho linavyokudanganya.

Wiki mbili zikapita, uzi ukapungua, maumivu yakaondoka. Na hapa ndipo nilipokosea, kosa ambalo naliona kwa kila mkimbiaji ninayemjua. Maumivu yalipoondoka nilidhani nimepona.

Ilikuwa wiki ya tatu. Nilikuwa nashuka kwenye daladala, mkoba mkononi, konda ameshagonga bodi mara mbili kumwambia dereva aondoke. Nikaweka mguu wa kulia chini. Hapakuwa na dafu wala shimo, palikuwa na lami tambarare kama meza. Kifundo kikapinduka chenyewe, kwa ndani, vilevile. Nikaanguka magoti kituoni. Kaka mmoja akaniinua, "Pole sana dada, uliteleza?" Sikuteleza. Nilichokuwa nimekifanya ni kukanyaga ardhi ambayo mguu wangu haukuijua.

Hapo ndipo nilipokwenda kwa mtaalamu wa fiziotherapia, na jambo la kwanza alilofanya ni kuniambia nivue viatu vyote viwili, nisimame kwa mguu wa kushoto, ule mzima, nifumbe macho. Akahesabu. Nilifika ishirini na kitu bila shida. Akasema, "Haya, badilisha." Nikasimama kwa ule wa kulia. Haukuwa unauma hata kidogo. Nikafumba macho, na kabla hajafika nne nilikuwa nimeshika ukuta.

Naomba mkumbuke hesabu hiyo, ishirini na kitu kwa nne, kwenye mguu ambao hauumi. Mtaalamu yule alinieleza kwamba kano si kamba tu za kushikia mifupa. Ndani yake mna mishipa ya fahamu inayoupelekea ubongo habari ya pembe ya mguu kila wakati: umelala kiasi gani, umeinuka kiasi gani. Kwa habari hizo misuli iliyo kando ya muundi hukaza kabla wewe hujajua kwamba kuna jiwe. Ndivyo tunavyokimbia kwenye njia za mawe huku tukipiga soga. Kano ikichanika, zile habari nazo zinakatika. Nyama inaunga, uvimbe unakwisha, lakini mjumbe hajarudi kazini. Mwaka 1965 daktari wa mifupa wa Uingereza, Freeman, aliandika jambo hilo hilo: kwamba kifundo kinacholegea baada ya kuumia mara nyingi tatizo lake ni upotevu wa hisia hizo, na kwamba kufundishwa usawa kunakisaidia. Ni miaka sitini sasa. Kwa nini bado tunawaambia watu wapumzike tu, silielewi.

Mama alisema mguu umeshtuka. Mtoto akishtushwa na kung'atwa na mbwa, hata jeraha likipona bado anaogopa kupita uani. Humburuzi. Unampitisha mkono kwa mkono, siku baada ya siku, mpaka azoee. Ndivyo mguu unavyofundishwa upya.

Na mafunzo yenyewe hayahitaji gharama. Nilikuwa nasimama kwa mguu mmoja ninapopiga mswaki, asubuhi wa kulia na usiku wa kulia tena, mpaka ukalingana na mwenzake. Mtoto wa dada yangu, ana miaka minane, ndiye aliyekuwa mhesabuji wangu. Anakaa kwenye ndoo iliyofunikwa, ananihesabia kwa sauti, na nikiweka mguu chini anaanza upya bila huruma. Nilipofika thelathini macho yakiwa wazi tukaanza kufumba. Nilipofika ishirini nimefumba, tukakunja blanketi nikasimama juu yake, maana kitu laini kinaufanya mguu utafute. Halafu anasimama mbali kidogo ananirushia mpira, mimi naudaka kwa mguu mmoja. Baadaye, kwenye ngazi za nje, kuinuka kwa vidole vya mguu mmoja na kushuka polepole, kumi na tano, mara tatu, kigimbi kinawaka moto. Mwisho kurukaruka kwa mguu mmoja, mbele, nyuma, pembeni.

Kuna watu wataona mambo haya ni madogo mno kulinganisha na sindano au dawa za maduka. Mwaka 2009 watafiti wa Uholanzi walitoa matokeo ya wanamichezo 522 waliokuwa wameteguka kifundo. Nusu walipewa matibabu yao ya kawaida tu. Nusu wakaongezewa mazoezi ya usawa ya kufanya wenyewe nyumbani kwa wiki 8, bila msimamizi. Mwaka ulipokwisha, wale wa kwanza asilimia 33 walikuwa wameteguka tena. Wale wa mazoezi ya nyumbani, asilimia 22. Mazoezi hayakuzuia yote, na sitakuahidi kwamba yatazuia. Lakini katika kila watu mia, kumi na mmoja hawakuanguka tena kwa sababu ya kitu unachoweza kukifanya bafuni.

Mbio za Moshi nilizikosa. Wanaozijua wanajua zile kilomita 21 zinapanda kuelekea Mweka kisha zinateremka, na hakuna kinachokitafuta kifundo kilicholegea kama mteremko, kila hatua unyayo unatua mbele ya mwili. Jumapili ile nililala kitandani nimefungua redio. Jumamosi zilikuwa ngumu zaidi. Klabu yetu inapita mtaani kwetu saa kumi na mbili kasoro. Unaanza kusikia filimbi kwa mbali, halafu wimbo, mwimbishaji anatupa na wenzake wanapokea, halafu nyayo, sitini au themanini kwa pamoja, zinapita chini ya dirisha, zinapotelea njiani. Nilikuwa nalia, nasema kweli. Nawaambia wanaouguza mkimbiaji nyumbani: usimwambie ni mazoezi tu. Mpe magongo yake, mpeleke barabarani, asimame apungiane na wenzake.

Na wenzangu walinipigia simu kunitia moyo, kila mmoja kwa jina lile lile: John Stephen Akhwari. Hakuna Mtanzania asiyejua. Oktoba 1968, Olimpiki ya Mexico, katika mji ulio kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 2,200, mtu wetu kutoka Mbulu anaanguka katikati ya maratoni, goti linaumia vibaya, linafungwa bandeji, na yeye anaendelea. Mamo Wolde wa Ethiopia ameshashinda zaidi ya saa nzima iliyopita, jua limezama, uwanja karibu mtupu, Akhwari anaingia akichechemea anamaliza wa mwisho. Dunia haijamsahau. "Na wewe dada, usikate tamaa, kumbuka Akhwari!"

Namkumbuka. Nampenda pengine kuliko mwanamichezo mwingine yeyote ambaye nchi hii imemzaa. Lakini naona tunamtumia vibaya tunapomchukua kuwaambia watu wakimbie na miguu mibovu. Yake ilikuwa Olimpiki, siku moja katika maisha, amevaa jina la nchi kifuani. Yetu ni Jumanne asubuhi. Na tena tunaisimulia nusu. Mwaka 1970, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola pale Edinburgh, Akhwari huyo huyo alimaliza wa 5 katika maratoni. Mtu hafiki huko na goti bovu. Katikati ya Mexico na Edinburgh kuna goti lililopona, na hiyo ndiyo sehemu ambayo mkimbiaji mgonjwa anahitaji kusimuliwa.

Mapafu yako usiyaogopee sana. Siku kumi bila kukimbia hazikuondolei mengi, na ukiweza kuogelea au kuendesha baiskeli isiyokuumiza, utayatunza. Mimi nilikuwa nakwenda baharini maji yakijaa, naingia mpaka mabegani, nakimbia humo humo bila kugusa chini.

Jambo jingine nililoligundua kwa mshangao ni la viatu. Wengi wetu tunanunua vya mtumba, na sioni aibu, pale sokoni Karume nimepata viatu vizuri kuliko vya dukani. Lakini kiatu cha mtumba kimeshabeba mtu mwingine. Kiweke mezani ukitazame kwa nyuma, usawa wa jicho. Kikiwa kimeinama, soli imelika upande wa nje, kitakuwa kinakupindua kila hatua, maelfu ya hatua kila asubuhi. Vyangu nilivitazama hivyo baada ya kuumia mara mbili. Cha kulia kilikuwa kimeinama kama mnazi wa ufukweni.

Kurudi barabarani nilipewa masharti na nikayashika. Kwanza kutembea kwa kasi nusu saa bila kuchechemea, na kesho yake kifundo kisivimbe. Kisha kuruka kwa mguu mmoja mara kumi, kulia kama kushoto. Ndipo kukimbia dakika moja na kutembea mbili. Mahali pawe tambarare na pagumu. Watu wananishauri mchanga wa pwani kwa kuwa ni laini, lakini mchanga unakimbia chini ya mguu, na ufuko umelalia baharini. Huo ni wa mwisho kabisa. Hata kando ya lami si pazuri, barabara imeinamia mferejini ili maji yashuke, na mguu mmoja unatua chini kuliko mwingine safari nzima. Na usitoke gizani. Subiri uone unapokanyaga.

Jumamosi yangu ya kwanza ilikuwa wiki ya kumi na moja tangu lile dafu. Nilianzia Barack Obama Drive jua limeshachomoza, bandeji ndani ya soksi. Dakika moja, mbili za kutembea. Dakika moja tena. Kabla sijafika Daraja la Tanzanite nikasikia filimbi nyuma yangu. Wakanifikia, wakanizunguka, mwimbishaji akaingiza jina langu kwenye wimbo, wote wakaitikia. Nikakimbia nao dakika yangu. Daraja lile ni kilomita moja na kidogo, upepo wa bahari pande zote mbili, hakuna mahali pazuri pa kukimbilia mji huu kuliko pale. Saa yangu ikalia. Nikapunguza, nikawapisha, wakapanda darajani wakiimba, nami nikageuka nikaanza kutembea kurudi.